Kigari cha mbao kilivyogeuka barua ya kuomba kazi

Ukimwona mtu mzima amejifungia ndani na msasa, gundi na kigari kinachoenea kiganjani, utasema huyu hana kazi ya kufanya. Subiri kidogo. Kuna wakati, kule Marekani, kigari cha namna hiyo kiliweza kumlipia kijana ada ya chuo kikuu. Wachache kiliwafikisha mbali zaidi, mpaka kwenye vyumba vinavyochorwa magari ambayo dunia nzima itayaendesha. Leo tuangalie historia ya vigari hivyo, fizikia na kemia iliyojificha ndani yake, na swali moja ambalo bado linatuhusu: nani alifunguliwa mlango, na nani aliachwa nje?

Kwanza, skeli ni nini?

Ukisikia kigari ni cha skeli 1:25, maana yake kila sentimita 25 za gari halisi zimekuwa sentimita moja. Gari la mita 5 linakuwa kitu cha sentimita 20. Namba hizi hazikutoka hewani. Skeli 1:12 ni inchi moja kwa kila futi, na 1:24 ni nusu inchi kwa futi. Ile 1:43, ambayo inaonekana ya ajabu kabisa, ilitoka kwenye treni za kuchezea za Uingereza, zilizotumia milimita 7 kwa kila futi. Watu walitaka magari ya kupanga kando ya reli zao, basi kipimo kikabaki hata treni zilipowekwa kabatini.

Gari la farasi la Napoleon

Mwaka 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Mwaka huohuo Fisher Body, kitengo cha General Motors kilichotengeneza bodi za magari, kilianzisha mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Nembo ya Fisher Body ilikuwa gari la farasi la kifahari la enzi za Napoleon. Kazi ya mshiriki ilikuwa kulitengeneza gari hilo kwa udogo, kwa kufuata michoro aliyotumiwa.

Usidhani ni kazi ya jioni moja. Magurudumu, milango, mapambo ya kuchonga, vyuma na vitambaa vya ndani, vyote kijana alitakiwa kuvitengeneza kwa mkono wake. Hiyo ni mamia ya saa. Kwa washindi wakubwa zawadi ilikuwa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, na mwanzoni ulifika dola 5,000, pesa ambayo wakati ule si mchezo. Kampuni nayo haikuwa inatoa sadaka: jina lake liliingia kila nyumba yenye kijana, na kijana wa leo ni mnunuzi wa kesho.

Mwaka 1937 mashindano yaliongeza kipengele kingine: kubuni gari lako mwenyewe. Hapa mchezo ulibadilika. Kunakili gari la Napoleon kulipima ustadi wa mkono na uvumilivu. Kubuni gari kulipima pia jicho na akili: bodi ishuke wapi, kioo kilale kiasi gani, nyuma iishieje. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari hayo, mengi ya skeli 1:12, yakawa ndiyo mashindano yenyewe. Vijana wengi walianza kwa kufinyanga umbo kwa udongo, kisha wakalihamishia kwenye mbao au plasta, wakapiga msasa, wakapaka rangi, wakatengeneza bampa na rimu.

Sasa angalia jambo hili. Ndani ya General Motors, chini ya Harley Earl aliyeongoza ubunifu, magari halisi nayo yalianza hivyohivyo: michoro, udongo kwa skeli ndogo, kisha udongo wa ukubwa kamili. Kwa hiyo kijana aliyeshinda alikuwa ameshaifanya kazi yenyewe, kwa udogo tu. Hakuhitaji kueleza sana kwamba anaweza. Kigari kilisema.

Mfano ni Chuck Jordan. Alishinda mwaka 1947 akiwa mwanafunzi wa MIT, akaajiriwa General Motors mwaka 1949, na kuanzia 1986 hadi 1992 alikuwa makamu wa rais anayesimamia ubunifu wa kampuni nzima. Mshindi mwingine alikuwa Virgil Exner Jr., ambaye baba yake alikuwa mbunifu maarufu wa magari. Wote waliingia kupitia mashindano yaleyale, lakini hawakuanzia mstari mmoja na kijana wa shambani aliyekuwa na kisu na kipande cha mbao.

Plastiki inaingia

Wakati vijana wanachonga mbao, wauzaji wa magari wa Detroit walikuwa na vigari vya plastiki vya kuwaonyesha wateja toleo jipya. AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa moja ya kampuni zilizovitengeneza. Vingi vya mwanzo vilitengenezwa kwa selulosi asetati, na hapo kemia ikaleta shida. Ili plastiki ile isiwe ngumu ya kupasuka, huchanganywa na kemikali za kuilainisha. Miaka inavyopita kemikali hizo hutoka taratibu, plastiki inasinyaa na kupinda. Ndiyo maana vigari vingi vya miaka ile leo vina migongo iliyobonyea, utadhani vilianikwa juani.

Dawa ilikuwa polistirini. Inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inapoa na kutoka na kila mstari wa mlango. Gundi yake pia ina maajabu. Haishiki tu kama gundi ya karatasi, bali inayeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, molekuli zake ndefu zinachanganyikana, kisha kiyeyushi kinavukia hewani. Kinachobaki ni kama kipande kimoja.

Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza seti za skeli 1:25 zenye chaguo tatu ndani ya boksi moja: unganisha gari kama lilivyotoka kiwandani, lifanye la mashindano, au lipambe unavyotaka. Hilo la tatu ndilo lililowakamata watu. Unashusha bodi, unakata paa, unachukua injini ya boksi moja na kuiweka kwenye gari la boksi jingine. Baadaye yakaja malori, likiwemo Peterbilt 359, na kila aliyelinunua alikuwa na wazo lake kuhusu kichwa na rangi. Tabia hii ya kuchanganya vipande ilifika hadi sinema: mafundi wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walibandika vipande vya seti za dukani kwenye vyombo vyao vya angani ili vionekane vikubwa na vyenye mambo mengi.

Hesabu inayowasumbua mafundi

Tatizo ni kwamba ukipunguza urefu, si kila kitu kinapungua kwa kiasi kilekile. Chukua gari la kilo 1,500. Kwa skeli 1:25 urefu unagawanywa kwa 25, lakini ujazo unagawanywa kwa 25 × 25 × 25, yaani 15,625. Kama ungelitengeneza kwa vifaa vilevile, gari zima lingekuwa na gramu 96. Ndiyo maana ekseli nyembamba kama waya inatosha kabisa kubeba kigari.

Rangi ndiyo balaa. Rangi ya gari halisi ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Kwa 1:25 ingetakiwa iwe milimita 0.004. Ukipaka kwa brashi tabaka la milimita 0.05, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa zaidi ya milimita moja: nembo zinazama, mistari ya milango inajaa. Kwa hiyo fundi huchuja rangi, huipunguza makali na kuipulizia tabaka jembamba baada ya jembamba.

Kuna muda pia. Kigari cha 1:25 kikianguka kutoka kwenye genge lililopunguzwa kwa skeli hiyohiyo, kinafika chini mara 5 haraka zaidi, kwa sababu muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Watu wa sinema hurekodi kwa kasi kubwa, kisha wanaonyesha taratibu, na jicho lako linakubali kwamba lile ni gari zito.

Waliobaki nje

Turudi kwenye mashindano. Kuanzia 1930 hadi yalipofungwa mwaka 1968, mamilioni ya vijana walijiandikisha. Wote walikuwa wavulana. Si kwamba wasichana hawakuweza, ila masharti hayakuwapa nafasi. Katika miaka ya 1950 Harley Earl aliajiri kundi la wabunifu wanawake, waliotokea kwenye shule za usanifu. Wengi walipangiwa ndani ya gari: viti, vitambaa na rangi. Mmoja wao, Suzanne Vanderbilt, alikaa General Motors hadi miaka ya 1970 na akapata hataza kwa uvumbuzi wake. Jiulize ni wangapi wa aina yake walikuwa na umri wa miaka 14 mwaka 1935, wana mkono na jicho, lakini hawana pa kupeleka kigari.

Na hapa kwetu? Kuanzia Malawi, ambako huyaita galimoto, mpaka Tanzania na Kenya, watoto wamekuwa wakitengeneza magari ya waya, makopo na ndala zilizokatwa kuwa matairi. Usukani wake ni fimbo ndefu, na ukiuzungusha magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Mtoto huyo ametatua tatizo la kuhamisha mwendo kutoka mkononi hadi kwenye ekseli bila mchoro wowote. Kijana wa Detroit alikuwa na mchoro, tarehe ya mwisho, majaji, na anwani ya kutuma kazi yake. Kwa mikono hawajapishana sana. Walichopishana ni ile anwani.

Kama una kigari nyumbani, kipime urefu, kisha gawanya urefu wa gari halisi kwa namba hiyo, utapata skeli yake. Na kama wewe ni mwalimu, au unaandaa maonyesho ya sayansi shuleni, weka meza moja kwa ajili ya magari ya waya, uwape alama usukani na ekseli kama unavyowapa wengine, na usiulize kama aliyelileta ni mvulana au msichana.