Likizo ya watoto Kisauni yahitaji kalenda mbili

Mzazi anayepanga kuwapeleka watoto Kisauni, Mombasa, hana budi kutazama kalenda mbili: ya shule na ya bahari.

Likizo ya Aprili hukutana na masika. Agosti huvuma kusi na jua huwa la wastani, ilhali Desemba joto huzidi na nauli hupanda. Wanaosafiri kwa garimoshi lililozinduliwa mwaka 2017 hushukia Miritini. Yafaa watenge nauli ya kufika kisiwani na kuvuka daraja la Nyali.

Kuogelea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, hakuhitaji kulala hotelini. Hata hivyo, siku za bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka, maji hupanda takriban mita 3 kwa muda wa saa 6. Mchanga mkavu wa asubuhi huweza kummeza mtoto alasiri. Muulizeni mvuvi saa za kujaa na kupwa.

Maji yakijaa, wapelekeni Haller Park, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu. Hapo ndipo kiboko Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya usuhuba na kobe Mzee.