Skuli za Kasese na Bwera katika Miaka ya Maradhi

Siku ya Ijumaa tarehe 20 Machi 2020, mwishoni mwa Rajabu 1441, skuli zote za Uganda zilifungwa kwa amri ya Serikali kwa ajili ya maradhi ya Korona. Siku ile hata sala ya Ijumaa haikusaliwa kwa jamaa misikitini, kwani amri iliyotangazwa Jumatano iliyotangulia iligusa nyumba zote za ibada. Watu walidhani kwamba jambo lenyewe ni la mwezi mmoja, kama lilivyotangazwa. Walakini madarasa yote hayakukutana tena kwa pamoja hata Jumatatu tarehe 10 Januari 2022. Watoto wapatao milioni 15 waliguswa na amri hiyo, na shirika la UNESCO lilihesabu majuma 83 ya kufungwa kabisa au kufungwa nusu, hesabu ambayo hapana nchi nyingine duniani iliyoifikia.

Basi kuuliza kwa nini baadhi ya skuli zilikufa ni kupoteza wakati, maana kitu chochote kikinyimwa chakula karibu miaka miwili hufa. La kuulizwa ni hili: zile zilizosalia, zilisalia kwa nini?

Watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwahamisha watu kutoka kandokando ya ziwa Edward na ziwa George, nchi ikabaki tupu, wanyama wakaijaza, hata mwaka 1952 ikatangazwa kuwa hifadhi ya Serikali. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe ilileta watu wa kila kabila, na Kiswahili kikapata nafasi sokoni na msikitini. Bwera nayo, iliyo mbali na mji wa Kasese kwa zaidi ya kilomita 50, imeegemea mpaka wa Kongo. Ng'ambo hii ni Mpondwe na ng'ambo ile ni Kasindi, na watu wake ni ndugu, Wakonzo huku na Wanande kule. Huoana, huzikana, hununua na kuuziana. Ugonjwa ukitokea upande mmoja, wa upande wa pili hawana budi kujitayarisha.

Na wakati wa kujitayarisha ulikuja mapema. Mwezi wa Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini, pande za Beni, na ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha Juni 2020. Tarehe 11 Juni 2019 ulithibitishwa Bwera. Mtoto wa kiume wa miaka mitano, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake waliokuwa wametoka katika msiba huko Kongo, alikutwa nao akafa, na bibi yake akamfuata upesi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule msichana wa miaka tisa alizuiwa Mpondwe na watu wa kupima joto, akawekwa peke yake Bwera, naye akafariki. Ugonjwa haukuenea Uganda kutoka hapo, na sifa baada ya Mwenyezi Mungu ni ya wale waliosimama mpakani na wale waliohudumu katika hospitali ya Bwera.

Ebola ndiyo iliyofundisha skuli za mpakani kuweka kidumu cha maji mlangoni, kile kinachotobolewa na kufungwa kamba, mtoto akakanyaga kijiti kwa mguu na maji yakammiminikia mikononi bila yeye kukigusa. Mtu angetazamia kwamba Waislamu, ambao watoto wao hufundishwa kutawadha kabla ya kufundishwa kuandika, wasingehitaji kukumbushwa habari ya maji. Lakini kutawadha kwa ajili ya sala ni jambo moja, na kunawa kwa kumhofia jirani madhara ni jambo la pili, nalo lilihitaji mwalimu wake. Korona ilipokuja mwaka uliofuata, mtoto wa Bwera alikuwa amekwisha kulijua somo hilo ambalo watoto wa miji mikubwa ndio kwanza waanze.

Wako waliosema, amri ya Machi 2020 ilipotoka, kwamba kufunga msikiti na chuo ni udhaifu wa imani. Hayo ni maneno ya mtu asiyesoma tarikh. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, tauni ya Amwasi ilipoingia Sham, Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda huko. Alifika Sargh, akashauriana na watu, akarejea Madina. Na Abdurrahman bin Auf akamthibitishia kwamba alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akikataza kuingia nchi yenye tauni na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Katika tauni ile alikufa Abu Ubaida, akafa na Muadh bin Jabal, yule ambaye Mtume alimtuma Yemen kuwa mwalimu. Baada yao alisimama Amr bin al-As, akawaamrisha watu watawanyike milimani, na ugonjwa ukaondoka. Kutawanyika kwa watu wa Sham na kutawanyika kwa watoto wa Rwenzori vina maana moja. Tofauti ni kwamba watoto wa Rwenzori walitawanyika na vitabu vyao vikabaki darasani.

Maradhi hayakuja peke yake. Tarehe 7 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, mito iteremkayo kutoka Rwenzori ilifurika. Nyamwamba iliivunja hospitali ya Kilembe ikabomoa nyumba za watu, na maelfu wakabaki bila makao. Baadhi ya skuli zilizokuwa tupu kwa sababu ya maradhi zikawa malazi ya waliokimbia maji. Watu wakafuturu chini ya mapaa ambayo watoto wao walikuwa wamekatazwa kuingia kusoma.

Wizara ya Elimu iligawa karatasi za masomo, na masomo mengine yakasomwa redioni. Yalikuwa msaada kwa mwenye redio na betri, na kwa mtoto mwenye mzazi ajuaye kusoma. Katika vijiji vya juu vya Bukonzo, karatasi zilizofika zilikuwa chache kuliko watoto, na redio iliyokuwapo ilikuwa ya baba, naye akitaka habari.

Jambo lililoamua maisha ya skuli lilikuwa jingine. Skuli za msingi zilizoanzishwa na Waislamu nchini Uganda ni za namna mbili. Ziko zilizoingizwa katika msaada wa Serikali, walimu wake hulipwa na hazina, na tangu mwaka 1997 watoto hupokewa humo bila ada ya masomo. Na ziko zinazosimama kwa ada ya wazazi peke yake, nyingi zikiwa katika viwanja vya misikiti, zenye vyumba vitatu au vinne na paa la mabati. Katika muda ule wote mwalimu wa namna ya kwanza alipokea mshahara wake ingawa ubao wake uliota vumbi. Mwalimu wa namna ya pili hakupokea kitu, maana mpaka wa Mpondwe ulifungwa kwa wasafiri, soko likavunjika, na mzazi aliyekuwa akilipa ada kwa faida ya biashara ndogo hakuwa tena na biashara. Kote nchini walimu wa namna hiyo waligeuka waendesha bodaboda, wafyatua matofali, wauza mboga. Hapana aibu katika kazi hizo. Manabii walichunga mbuzi. Lakini mwalimu aliyekaa miaka miwili juu ya pikipiki na kuona fedha kila jioni, huyo kumrudisha mbele ya ubao kwa mshahara wa kucheleweshwa ni kazi ngumu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuondoka. Watu wengi wamemsifu kwa hilo, na anastahili. Iko haja lakini ya kusema na upande wa pili: hakuondoka kwa kuwa hakuwa na mshahara wa kupoteza. Alizoea kuishi kwa shamba lake na kwa sadaka ya Alhamisi, na maradhi yalipokuja yalimkuta tayari yumo katika hali ambayo wenzake ndio waliteremshwa humo. Jamaa inayojisifu kwa subira ya mwalimu wake hujisifu kwa deni ambalo haijalilipa.

Uislamu una dawa ya zamani ya jambo hili, nayo ni wakfu. Wanavyuoni wa Azhar na wa Fez walilishwa karne nyingi kwa mapato ya mashamba na maduka yaliyofungwa kwa ajili ya elimu, wala hawakungoja mzazi auze kwanza nyanya zake. Miteremko ya Bukonzo huota kahawa. Katika miaka ile ile ya kufungwa, mizigo haikukatazwa kupita, na kahawa ya Uganda iliyouzwa nje katika mwaka wa mazao wa 2020/21 ilipita magunia milioni 6 ya kilo 60. Yaani ada ilikatika, kahawa haikukatika. Skuli yenye eka mbili za kahawa zilizowekwa wakfu ingeweza kumpa mwalimu wake posho ya kumfunga asiende mbali. Skuli yenye kiwanja kitupu na ukuta wa maua haikuweza. Fedha nyingi za jumuiya za Kiislamu zimemalizikia katika saruji na rangi, na miaka hii miwili imeonyesha kwamba saruji haifundishi.

Palikuwa na wale waliofundisha kwa siri. Katika sehemu nyingi za Uganda walimu walikusanya watoto majumbani, na wengine walikamatwa. Juu yao hukumu haiwezi kuwa moja. Aliyekaa chini ya mwembe na watoto watano wa mtaa wake, kila mmoja kando ya mwenzake, upepo ukipita, alifanya wema ambao hata daktari asingeukataa. Aliyewafungia 30 katika chumba kimoja, madirisha yamezibwa ili polisi wasisikie, na kila mmoja ametoa ada, huyo aliuza hatari, na sharia haimruhusu mtu kudhuru kwa kisingizio cha elimu.

Darasa la saba lilirudi tarehe 15 Oktoba 2020, likafanya mtihani wake mwishoni mwa Machi 2021. Madarasa mengine yalikuwa yakirudishwa kidogo kidogo wakati maradhi yalipopanda tena, na tarehe 7 Juni 2021 skuli zikafungwa mara ya pili. Kwa wengi kufungwa huko kulikuwa kuzito kuliko kwa kwanza, maana mara ya kwanza walikuwa na akiba na matumaini, na mara ya pili hawakuwa na chochote kati ya viwili hivyo. Misikiti, ambayo tangu Septemba 2020 iliruhusiwa kwa watu wasiozidi 70, nayo ilifungwa tena mwezi huo wa Juni.

Milango ilipofunguliwa Januari 2022, kila mtoto alipandishwa darasa, asome asisome. Darasa la kwanza lilipokea kwa pamoja watoto wa umri wa kuanza na wale ambao umri huo uliwapita wakiwa nyumbani. Wavulana wengine hawakurudi kabisa. Wasichana wengine walirudi na watoto mgongoni, na Wizara iliagiza wapokewe pamoja na wale wenye mimba. Wazee wengi walilichukia agizo hilo, wakihofia mfano mbaya. Lakini msichana aliyeachwa miaka miwili bila skuli wala mwangalizi si yeye wa kwanza kuulizwa, na mlango wa elimu aliofungiwa na maradhi haikufaa afungiwe tena na watu wa dini.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 2022 Ebola ilitangazwa Mubende, na skuli za Uganda zikafunga muhula tarehe 25 Novemba, majuma mawili kabla ya wakati.