Umeme, Diski na Fundi: Historia ya Uchaguzi wa Programu za Kuhariri Video kwa Kompyuta ya Nyumbani, kwa Mtazamo wa Buhigwe

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Buhigwe ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kasulu, katika mgawanyo uleule ulioitenga Kakonko na Kibondo. Kwa mwanahistoria, jambo hili lina maana moja nzito: maisha yote ya kiutawala ya wilaya hii yamo ndani ya enzi ya picha za kidijiti. Harusi, mazishi au mkutano wa hadhara uliorekodiwa na kuhaririwa katika kipindi hicho umepita, kwa kawaida, katika kompyuta ya mtu na katika programu aliyoichagua. Kwa hiyo, kuuliza ni programu ipi ilichaguliwa, na kwa sababu gani, ni kuuliza juu ya hatima ya vyanzo vya historia.

Tafiti kuhusu filamu za video nchini, zikiwemo za Claudia Böhme, Matthias Krings na Vicensia Shule, zimeielekea zaidi Dar es Salaam. Insha hii inaitazama hatua ya uhariri kutoka nyanda za juu za Kigoma. Hoja yake kuu ni kwamba uchaguzi wa programu hauelezwi vya kutosha na bei wala ubora. Unaelezwa na umeme, nafasi ya diski na fundi aliyemfundisha mhariri.

2.0 Kutoka Kanda hadi Kompyuta

Kwa miaka mingi uhariri wa picha ulikuwa kazi ya taasisi. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilifanya kazi kwa filamu za kukatwa na kuunganishwa kwa mkono. Mwaka 1974 serikali iliweka marufuku ya kuingiza kompyuta nchini, na televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Katika mazingira hayo, wazo la kuhariri video nyumbani halikuwa na mahali pa kukaa.

Deki za VHS ndizo zilizolitoa wazo hilo katika taasisi. Mhariri aliunganisha deki mbili, moja ya kuchezesha na nyingine ya kurekodi, akanakili tukio baada ya tukio. Ubaya wake ulikuwa kwamba kosa la mwanzoni lilidai kazi yote irudiwe, na kila nakala ilipunguza ubora. Kompyuta iliondoa vikwazo hivyo viwili. Adobe Premiere ilitoka mwaka 1991, na Windows Movie Maker ikaja pamoja na Windows Me mwaka 2000. Filamu ya Girlfriend ya George Tyson (2003), ambayo wengi huichukulia kuwa mwanzo wa Bongo Movie, ilitokea wakati njia hiyo mpya ilikuwa imekwisha kufunguka.

3.0 Upungufu wa Hoja ya Bei

Maelezo ya kawaida husema kwamba mtu wa kipato kidogo huchagua programu ya bei nafuu. Maelezo haya yana kasoro ya kimantiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, lakini nakala zisizo na leseni zilisambaa Afrika Mashariki yote kwa CD na baadaye kwa flashi. Pale ambapo programu ghali na programu nafuu hupatikana kwa bei ya diski moja, bei haiwezi kueleza kwa nini moja ilichukuliwa na nyingine ikaachwa.

Bei ilirudi kuwa na uzito kwa njia nyingine. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na kwa uthibitisho wa intaneti. Ingawa kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Dar es Salaam tangu mwaka 2009, kwa mhariri wa mbali na mji uthibitisho huo ulikuwa kikwazo kipya. Kwake, toleo la zamani lililokaa katika flashi lilikuwa la uhakika kuliko toleo jipya. Upande wa pili, DaVinci Resolve ilianza kutolewa bure katika toleo moja mwaka 2011, lakini ilidai kadi ya picha yenye nguvu. Programu ikawa bure. Mashine ya kuibeba haikuwa bure.

4.0 Umeme na Diski

Kabla ya mkoa kuunganishwa na gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi mwaka 2022, miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO, na nje ya njia zake watu walitumia jenereta na sola. Hatua ya mwisho ya uhariri, yaani kutoa video iliyokamilika, huweza kuchukua saa kadhaa katika kompyuta dhaifu. Umeme ukikatika katikati, kwa kawaida kazi huanza upya. Kwa hiyo programu nyepesi inayomaliza kazi mapema ilikuwa na thamani ambayo orodha ya sifa zake haioneshi, na mpakato wenye betri nzima ulistahili kuliko kompyuta ya mezani yenye kasi zaidi.

Diski nayo ilikuwa na amri yake. Kanda ya MiniDV huchukua takriban GB 13 kwa saa moja ikiingizwa katika kompyuta. Harusi ya saa tatu hudai GB 39, yaani karibu diski nzima ya GB 40. Aidha, mfumo wa FAT32 hauruhusu faili kufikia GB 4, hivyo rekodi ya DV isiyokatwa huishia katika dakika 19 hivi. Programu iliyojua kugawa faili yenyewe ilimwokoa mhariri. Isiyojua ilimwachia harusi nusu.

5.0 Fundi na Lugha

Neno kuhariri lilihama kutoka gazetini likaingia katika video, lakini menyu za programu hazikuhama nalo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ukathibitisha kwamba tafsiri inawezekana. Hata hivyo ulihusu kazi za ofisi. Mwanagenzi wa video asiyejua Kiingereza hujifunza kwa mahali pa kitufe. Kubadili programu kwake ni kuanza ujinga upya, tena mbali na fundi wake. Ndiyo maana programu hurithiwa pamoja na ufundi.

6.0 Kinachopotea

Faili la mradi katika programu nyingi huhifadhi maelekezo ya ukataji tu. Picha zenyewe hubaki katika mafaili mengine. Diski ikijaa na picha ghafi zikafutwa, maelekezo hayo hayana cha kuelekeza. Kinachosalia ni VCD yenye picha ya 352 kwa 288, ambamo sura ya aliyekaa safu ya nyuma haitambuliki. Movie Maker, iliyositishwa mwaka 2017, imeacha mafaili ya miradi ambayo programu nyingine nyingi haziyafungui.

7.0 Hitimisho

Uchaguzi uliofanywa nyumbani chini ya shinikizo la umeme na diski umeamua sehemu gani ya kumbukumbu za Buhigwe itasomeka. Kutokana na uchambuzi huu, programu kwa mazingira haya ipimwe kwa mambo manne: iende katika mashine dhaifu, isidai intaneti kila mara, itoe video katika muundo unaofunguka kwingine, na iwe na mtu wa karibu wa kuifundisha. Programu huria kama Kdenlive na OpenShot zinatimiza masharti mawili ya kati. La kwanza hutegemea toleo na mashine. La nne linahitaji vyuo na mafundi. Watafiti nao waanze kukusanya diski za wahariri wa vijijini sasa, kabla hazijafutwa kupisha harusi inayofuata.