Nakivale na Mbarara: Kilomita 60 Zilizobeba Historia



Watoto wetu wanaosoma ramani hutuuliza: kutoka Nakivale hadi Mbarara ni mbali kiasi gani? Kwa barabara ni kama kilomita 60. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 40, na ndege ya abiria inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 3 tu. Lakini watu wa Nakivale hawakupita juu. Walipita chini, na kila kizazi kilikuwa na kipimo chake.

Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Waliopokelewa mwanzo ni Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959. Wengi walivuka mpaka kwa miguu, wengine wakiswaga ng'ombe wao. Kwa mwenye kuswaga ng'ombe, kilomita 60 si chini ya siku mbili.

Kisha ukaja Oktoba 1982. Katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaporwa. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa Uganda. Wengine walisukumwa hadi mpaka wa Rwanda, wengine wakaingizwa katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo. Umbali haukubadilika hata hatua moja, ila kwa aliyefukuzwa ulikuwa ni umbali usio na kurudi.

Baada ya 1994 wengi wa Wanyarwanda wale wa zamani walirejea kwao. Wakaja wengine: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Wanyarwanda wapya. Leo wakazi wa Nakivale ni zaidi ya laki moja, na Waislamu wamo miongoni mwao.

Hapa ndipo wanafunzi wetu huuliza swali la fiqhi: je, anayekwenda Mbarara apunguze Swala? Maimamu Maalik, Shaafi‘iy na Ahmad wameweka mpaka wa burdi 4, yaani farsakh 16, ambazo ni kama kilomita 80. Kwa hesabu hiyo, kilomita 60 hazifiki. Ibn Taymiyyah naye ameona kuwa safari ni ile ambayo desturi ya watu huiita safari. Basi kila mmoja amuulize mwalimu wake anayemwamini.

Ila tazameni, ndugu zetu, jinsi kauli hiyo ya pili inavyotufungua macho katika historia. Mama anayempeleka mtoto mgonjwa kwenye hospitali ya rufaa ya Mbarara, hana nauli na mvua inanyesha, huyo yumo safarini hata kama ramani inasema ni karibu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imempa mkimbizi haki ya kutembea nchini. Kwa hiyo kijana wa Nakivale anaweza kwenda Mbarara asubuhi, akanunua bidhaa au akaulizia masomo, na jioni akarudi kwao. Hii ni neema kubwa, wala tusiidharau. Waliofukuzwa mwaka 1982 walipita katika nchi hii hii bila ya neema hiyo.

Wazazi, mkipanda gari na watoto wenu kwenda Mbarara, wasimulieni haya njiani. Kilomita 60 zinatosha kuyamaliza.

Wabillaahi tawfiyq.