Chekechea Kitui na Makueni: Mwalimu anahitaji usaidizi kabla ya Januari

WALIMU wa chekechea katika kaunti za Kitui na Makueni huufungua mwaka wa masomo wakati ambapo wazazi wengi wamo mashambani. Januari na Februari ni miezi ya kuvuna ndengu na kunde zilizopandwa kwa mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watoto hufika shuleni wiki ya kwanza, wengine ya tano, na kila anapokuja mgeni mwalimu hulazimika kuanza upya: kumzoeza foleni ya uji, kumwonyesha choo, kumbembeleza anayemlilia mamake.

Suala hili husahauliwa elimu ya awali inapojadiliwa. Mjadala huishia kwenye madarasa yaliyojengwa, pengine kwa kuwa jengo hupigwa picha nzuri.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti elimu ya awali. Serikali hizo zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi vituo vingi vilivyoanzishwa na wazazi na makanisa, ambako mwalimu alilipwa kwa michango. Ukame ulipobisha, michango ilikatika, na mshahara nao ukakatika. Kaunti zimekuwa zikiajiri walimu tangu wakati huo. Hata hivyo, usajili wao ungali mikononi mwa Tume ya Huduma za Walimu, na chekechea nyingi zimo ndani ya ua wa shule za msingi zinazosimamiwa na serikali kuu. Mwalimu basi ana wakubwa wawili, na anapokosa maji au chaki ni rahisi kila upande kumtuma kwa mwenzake.

Kenya haikosi mfano wa kufuata. Kati ya 1971 na 1982, Wizara ya Elimu na Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi ziliendesha mradi wa elimu ya chekechea katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu hiyo kikaundwa, kisha vikafuata vituo vya wilaya. Mwalimu alisomea kazi kwa miaka miwili bila kuacha darasa lake: alihudhuria mafunzo wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na muhula ulipofunguliwa wakufunzi walimtembelea kazini. Ziara hizo zilikuwa na thamani kuliko semina yoyote ya siku moja hotelini. Afisa anayekaa darasani asubuhi nzima huona mwenyewe kwamba watoto wa miaka minne na wa miaka mitano wamechanganywa, na kwamba mwalimu ni mmoja.

Jiografia nayo haihurumii. Kitui ina wadi 40 katika eneo linalozidi kilomita 30,000 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,136,187. Makueni, yenye wadi 30 na wakazi 987,653, ni ndogo zaidi ya mara tatu. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, walimu wa vituo vitatu wanaweza kukutana kwa miguu Ijumaa alasiri na kubadilishana vifaa walivyotengeneza kwa vizibo, mbegu na maboksi. Kule Tseikuru au Mutha, mkutano kama huo hauwezekani bila nauli, na nauli hiyo haipaswi kutoka mfukoni mwa mwalimu.

Kuhusu usajili wa watoto, utaratibu wa umri unafahamika: miaka minne kwa PP1, mitano kwa PP2, na sita kwa Gredi ya Kwanza. Linalotatiza ni wakati. Muhula wa tatu hufungwa karibu na mwisho wa Oktoba, mvua zikikaribia, na baada ya hapo mzazi hapatikani. Orodha iandaliwe Septemba, katika baraza la chifu, kliniki na kanisani. Asiye na cheti cha kuzaliwa aandikishwe huku mzazi akikitafuta. Orodha hiyo ionyeshe pia nani ana ulemavu na nani huvuka mto. Mito ya msimu si ya kuchezewa: Desemba 2021, basi lilisombwa katika Mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Karo nayo iangaliwe. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003 huku chekechea ikiendelea kutozwa, baadhi ya wazazi waliiruka, na darasa la kwanza likapokea watoto wasiowahi kushika penseli. Hata mchango mdogo wa uji unaweza kumbakisha mtoto nyumbani, hasa baada ya misimu mfululizo ya mvua haba kama ile iliyoanza mwaka 2020.

Wazazi nao wampunguzie mwalimu shinikizo la kazi za kuandika na Kiingereza cha mapema. Sera ya lugha inaruhusu Kikamba darasani katika miaka hii, na mtoto anayesimulia alivyochunga mbuzi yuko masomoni. Kabla ya kufunga Oktoba, mwalimu wa PP2 apewe angalau siku moja ya kuketi na mwenzake wa Gredi ya Kwanza, wapitie majina moja baada ya jingine: nani hasikii vizuri, nani bado anaogopa kuongea, nani huja bila kula.