Harufu ya Mkaratusi

Ulifikichapo jani la mkaratusi, harufu kali hukuingia puani mara moja. Mti huu si wa asili ya Kenya. Ulianza kupandwa kwetu yapata mwaka 1902, ili kuni za garimoshi zipatikane upesi. Kwao ni Australia, ambako wenyeji waliyatumia majani yake kuwa dawa tangu zama za kale.

Waingereza walipofika Sydney mwaka 1788, matabibu wao hawakukawia kuyakeneka mafuta ya majani hayo. Biashara yenyewe aliianzisha Joseph Bosisto, muuza dawa wa Victoria, katika miaka ya 1850. Mvuke hupitishwa katika majani, hubeba mafuta, kisha hupozwa. Mafuta huelea juu ya maji, yakaondolewa.

Zamani hizo watu wengi wa Ulaya waliamini kuwa malaria huletwa na hewa mbaya ya vinamasi, na kwamba harufu ya mkaratusi huisafisha. Basi miti ikapandwa kwa wingi Algeria na Italia. Je, harufu yaweza kuzuia homa? Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Hewa haikuwa na hatia. Kama mikaratusi ilisaidia, ilisaidia kwa mizizi yake, iliyofyonza maji ambamo mbu huzaliana.

Na ndani ya mafuta mna nini? Mwaka 1870 Mfaransa Cloez alikichunguza kiini chake, akakiita eukaliptoli. Kila molekuli yake ina atomi 10 za kaboni, 18 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Lakini mkaratusi unukao kama limau una kitu kingine kwa wingi, yaani sitronelali. Na kutokana na mafuta yake hutengenezwa dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Majani ya jamaa moja, mafuta mbalimbali!

Kwa hiyo, msomaji, usiidharau dawa ya wazee, wala usiipokee bila kuipima. Mafuta haya yavutwapo puani huweza kumfanya mwenye mafua ahisi nafuu. Lakini mtoto akiyanywa, hata kidogo, yaweza kumwua. Pua hutambua harufu tu; kilichomo hujulikana kwa uchunguzi.