Mng'ao wa Akiba: Nuru ya Saa za Mbizi

Mpiga mbizi aliye chini ya maji yenye tope hahitaji saa immulikie njia. Anahitaji kuona akrabu ya dakika imefika wapi, maana hewa ya mtungini inahesabiwa kwa dakika. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa ya mbizi isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Kazi hiyo hufanywa na rangi iliyopakwa kwenye akrabu na alama za saa, ambayo mafundi na wakusanyaji wa saa huiita kwa kifupi "lume".

Kwa Kiswahili naona neno lifaalo ni mng'ao. Kinachomulika huangaza kitu kingine, kinachowaka kina moto. Nyota hung'aa tu ikaonekana, na rangi hii ndivyo ilivyo. Anayeiita fosforasi anakosea, kwani fosforasi haimo. Hata hivyo, mng'ao peke yake hautoshi. Neno "lume" limefunika vitu viwili vyenye asili tofauti kabisa, na anayenunua toleo jipya la saa ya zamani ana haki ya kujua amevaa kipi.

Cha kwanza ni mng'ao nururifu. Radiamu, iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, ilichanganywa na salfaidi ya zinki. Mnururisho wake uliigonga salfaidi hiyo bila kukoma, ikang'aa usiku kucha pasipo kuhitaji jua wala taa. Gharama yake ilikuwa kubwa mno. Huko Orange, New Jersey, wasichana waliopaka rangi nyuso za saa walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo, na kila walipofanya hivyo walimeza chembe za rangi hiyo. Mwili huichukulia radiamu kama kalisi, ukaihifadhi mifupani. Taya zao zilioza. Grace Fryer, mmoja wao, na wenzake wanne waliishtaki kampuni iliyowaajiri, kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1928. Yeye akafariki mwaka 1933. Kwa ajili ya wanawake hao sikubali neno "nururifu" liachwe kwa kisingizio cha ufupi.

Baadaye tritiamu ikachukua nafasi ya radiamu. Mnururisho wake ni dhaifu, hata kioo cha saa haupenyi, na saa zake hutambulika kwa herufi T kwenye sehemu ya chini ya uso. Nusumaisha yake ni miaka 12.3 hivi; kwa hiyo saa ya mwaka 1975 imebakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya tritiamu yake.

Cha pili ni mng'ao wa akiba. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa rangi ya aluminati ya strontiamu iliyotiwa kiasi kidogo cha europiamu na disprosiamu. Hii haina unururifu. Hupokea nuru, ikaiweka, kisha ikaitoa polepole. Iweke saa chini ya taa dakika chache, uzime: alama zitatoa kijani kikali, zipungue haraka mwanzoni, kisha zififie taratibu, na jicho lililozoea giza litazisoma hata usiku wa manane.

Matoleo mapya hutumia rangi hii ya pili, lakini mara nyingi hutiwa umanjano wa maziwa mgando ili ifanane na tritiamu au radiamu iliyozeeka. Hata ikiuzwa kwa jina la "radiamu ya kale", ni sura tu. Mimi sioni ubaya, mradi muuzaji aseme wazi. Kwa mfano, watengenezaji wa saa Blancpain walipotoa upya mwaka 2021 saa yao ya miaka ya 1960 iliyoandikwa kwamba haina mnururisho, walirudisha na alama yenyewe usoni.

Saa halisi ya radiamu ndiyo ya kuogopwa. Mara nyingi haing'ai tena, kwa kuwa salfaidi ya zinki imechakaa, lakini radiamu ina nusumaisha ya miaka 1,600 na bado imo. Fundi asiifungue na kuikwangua bila kinga. Vumbi lake likivutwa puani ndilo lenye madhara makubwa.